Ukienda Kitulo kutembea kwa miguu

Maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, utayakuta kati ya Desemba na Aprili, yaani wakati wa mvua. Ukisubiri kiangazi utakuta nyasi kavu na baridi ya Juni inayouma masikio.

Shuka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, upande gari la Matamba kupitia Hamsini na Saba, barabara iliyopewa jina kwa kona zake 57. Usianze kutembea siku hiyohiyo. Lala Matamba, maana uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi, na aliyetoka Dar jana atahema kwenye kilima kidogo tu. Asubuhi lipia hifadhini, uombe mwongozaji.

Vaa gambuti. Mabondeni maji yametuama chini ya nyasi, na ukiona mahali pamekolea kijani kuliko kwingine, zunguka. Beba koti la mvua na soksi za akiba.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, kabla ukungu haujashuka. Kule hakuna miti ya kukuonyesha ulikotoka. Mwaka juzi nilimtangulia mwongozaji hatua kama ishirini, nikageuka, simwoni. Nikaita. Akajibu, “Kaa hapohapo dada, usisogee, nakuja.” Tulikaa dakika arobaini tumeupa upepo mgongo, tukila viazi vya kuchemsha. Nawe ukishukiwa na ukungu, kaa. Wanaopotea ni wale wanaoendelea kutembea.

Kisha chuchumaa. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi, na nyingi hutaziona ukiwa umesimama. Zipo ambazo kila ua lina vimrija viwili nyuma, vyembamba kama uzi, ndimo utamu wake ulimo. Chini ya shina kuna viazi viwili: kimoja kimesinyaa kwa kulilisha ua hili, kingine kinene, akiba ya mwakani. Hivyo ndivyo vinavyochimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kupelekwa Zambia, na shina likishang'olewa halina mwakani tena. Inaniuma kila nikikuta shimo bichi, udongo mweusi bado una unyevu, majani yametupwa pembeni.

Ukiliona shimo kama hilo, mwonyeshe mwongozaji palepale. Na kabla hujaushusha mguu, tazama unakanyaga nini.