Ndoo Haikaushi Kunde

Katika shehia moja ya Micheweni, Pemba, mama mmoja alinitolea ndoo ya lita 20 kutoka uvunguni. Alipoinua kifuniko, harufu ilitufika kabla ya kuona kitu: uchachu kama wa unga wa mkate uliopitiliza kuumuka. Matone ya maji yalikuwa yamening'inia chini ya kifuniko. Kunde za juu zilishikana bonge, na bonge lenyewe limeota koga la kijani. Akalipasua kwa kidole gumba, akaniangalia.

"Mwanangu, si nyie mlotwambia tufunge?"

Sikuwa na la kujibu, maana ni kweli tuliwaambia wafunge ndoo ili fukusi, mdudu anayetoboa kunde, afe. Fukusi huanzia shambani. Mayai yake huja nyumbani yamegandia juu ya punje kama vidoto vyeupe, jike mmoja anaweza kutaga yapata 100, na baada ya wiki 3 au 4 mdudu mzima anatoboa na kutoka. Chombo kikijaa na kufungwa barabara, wadudu huimaliza hewa iliyomo wakafa, bila ya dawa yoyote. Hilo mmelishika vizuri. Neno lililotangulia, kwamba kunde ziwe kavu kwanza, ndilo lililopotea njiani. Sasa ndoo za namna hii nazikuta kwa choroko, kwa mbaazi, hata kwa mahindi, na fukusi hata mmoja hayumo.

Ndoo haikaushi. Inatunza kile ulichokitia: ukitia unyevu, utaukuta unyevu pamoja na vilivyoota humo.

Na kinachoniudhi ni kwamba anayekosea hapa ni Mpemba, mtu aliyelelewa juu ya jamvi la karafuu. Wingu likitanda, nyumba nzima inakimbia kuanua, mpaka mgeni anaachwa na chai yake. Karafuu haipelekwi kituo cha kuuzia mpaka ivunjike mkononi, kwa kuwa ikienda mbichi inarudi. Lakini kunde, ambazo ndizo mtakazokula na watoto, zinaanikwa siku moja na nusu, zinang'atwa kwa jino, "zimekauka hizi", zinatiwa ndooni. Jino halijui tofauti ya unyevu wa asilimia 13 na wa asilimia 16. Ganda la nje hukauka mapema na kugonga kama kokoto ilhali kiini bado kibichi.

Kunde na choroko zinataka zishuke mpaka asilimia 12 hivi, mahindi yasizidi 13. Hewa yetu ya visiwani ina maji mengi, kwa hiyo saa za kuanika zina maana kuliko idadi ya siku. Anika kuanzia saa 3 asubuhi, umande ukishaondoka, si saa 1. Tandaza juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo mtupu, kwa unene usiozidi sentimita 4, yaani kama upana wa vidole viwili. Geuza kila nusu saa. Najua mna kazi nyingine. Mpe kazi hiyo mtoto aliyerudi skuli. Anua saa 10 alasiri. Anayeacha mpaka magharibi anazirudishia kunde maji aliyoyatoa mchana kutwa, na anayezilaza nje bila ya kufunika ameanza upya.

Kujua kama zimefika, tumia chumvi. Hapa tena kuna kosa, kwa sababu chumvi ya kwenye kopo jikoni kwetu yenyewe imelowa. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, huku unakoroga, mpaka iwe inateleza kama mchanga wa ufukweni wakati wa kaskazi. Iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa, yenye kizibo. Tia punje hadi robo ya chupa, ongeza vijiko 3 vya chumvi, ziba, tikisa dakika moja, kisha iweke itulie dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudi juani. Ikianguka yote chini, usikimbilie ndoo bado! Kipimo hiki kinakwambia tu kwamba umeshuka chini ya 15. Ongeza siku 2 za jua kali.

Siku ya kufunga, anua saa 9 na uziweke kivulini kwa saa moja na nusu, zipoe. Kunde za moto zikifungiwa hutoa mvuke, na mvuke ndio yale matone niliyoyaona. Baada ya hapo jaza ndoo mpaka mdomoni, itikise zishuke, ongeza tena. Zisipojaa, hamishia kwenye dumu la lita 5, kwani nafasi tupu ni pumzi ya fukusi. Tandika nailoni mdomoni kabla ya kukandamiza kifuniko. Ndoo iliyokuwa na rangi ya kupaka nyumba siitaki kuiona, hata kama imeoshwa mara saba. Usifungue kwa miezi 2. Ya kula leo na kesho weka kando kwenye kopo lake. Ukifungua zikamwagika moja moja na fukusi wamekufa, umefuzu.

Mvua ikishika wakati wa mavuno, msifunge kwa kukata tamaa. Ziacheni ndani ya maganda, mzitie kwenye pakacha na kuzipandisha uchagani juu ya meko, kama walivyofanya mabibi zetu. Moshi na joto vitazishikilia mpaka jua lirudi, kisha ndipo mpukuchue na kuanika.

Kwa aliyekwisha kufunga, afungue leo. Kifuniko kikiwa kimetoka jasho tu, bila ya harufu wala koga, mwaga zote jamvini na uanze upya saa 3 asubuhi. Zikiwa zimeota kuvu, hakuna cha kuchagua wala kuosha. Sumukuvu haionekani kwa macho na haifi kwa kuchemsha; mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula chakula chenye sumu hiyo. Yule mama aliniuliza kama angeweza kuwapa kuku. Hapana. Sumu hiyo inawadhuru kuku vilevile. Tulichimba shimo nyuma ya jiko, tukazifukia, na ndoo akaitia juani ikiwa wazi.