Fremu ya kaboni imepasuka: fanya haya kabla hujaanza kugombana na watu wa waranti

Unaosha baiskeli yako ya milimani, kitambaa kinapita karibu na pedeli, mara kidole kinakwama kwenye kamstari kembamba kama unywele. Moyo paa! Hapo ndo wengi wanajiharibia kesi wenyewe, maana wanakimbilia msasa wakwangue rangi waone chini kuna nini, na ukishakwangua tu unaambiwa fremu imechokonolewa, kwaheri. Usikwangue, na usiendeshe tena hata "mpaka pale tu". Chuma mara nyingi kitapinda kwanza, kaboni inaweza kuachia ghafla uko katikati ya mteremko.

Kwanza ujue ni ufa au ni rangi tu. Piga picha vile ulivyoikuta halafu futa pakauke, tochi iweke ubavuni ili mwanga uje kwa mshazari, bonyeza pembeni ya mstari kwa dole gumba. Ukiona unafunguka au panabonyea, au vijinyuzi vimechungulia, huo sio mkwaruzo. Kisha chukua sarafu ugonge taratibu kuanzia mbali ukiusogelea mstari: kaboni nzima inalia kavu, tki tki tki, ikifika matabaka yalipoachana inalia bubu kama unagonga kadibodi. Ila kwenye maungio bomba ni nene na sauti inabadilika yenyewe, kwa hiyo linganisha na sehemu hiyohiyo ya upande wa pili, usije ukajitia presha bure.

Sasa mahali ufa ulipo ndo kesi yenyewe. Waranti inalipa kosa la kiwandani, hailipi ajali, na ugomvi wote unaousikia ni huo mmoja tu. Ufa chini ya bomba la chini na katikati kuna kidonda cha jiwe, hiyo ni ajali, usijidanganye. Ufa pale bomba la kiti linapokazwa, watakuuliza kama ulipandisha kiti kupita alama ya mwisho au ulikaza bolti kwa hasira, nyingi za pale ni kama Nm 5 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza bolti) na mara nyingi imeandikwa palepale. Ila ufa karibu na beringi za shokapu ya nyuma, au kwenye maungio nyuma ya usukani, na hakuna kovu hata moja jirani, hapo una kitu cha kusimamia.

Ongeza picha: baiskeli nzima pande zote, namba ya fremu (mara nyingi iko chini penye pedeli), ufa ukiwa na rula pembeni, na zile sehemu ambazo ni SAFI, yani ncha za usukani, pedeli, rimu. Hizo ndo wanazoziangalia kutafuta dalili za kuanguka. Risiti iwe na jina lako, waranti nyingi ni za mnunuzi wa kwanza tu.

Barua iwe fupi. Mimi ya kwanza niliandika ukurasa mzima wa malalamiko na katikati nikataja jinsi ninavyoibeba kwenye gari, wakarukia hapohapo: kumbe kishikio cha gari kinabana bomba, basi wewe ndo umeivunja. Sisemi udanganye, ukiulizwa jibu ukweli, ila usihadithie usichoulizwa. Inatosha hivi: "Tarehe fulani nimekuta ufa wa sentimita 4 kwenye mkono wa nyuma kulia, sentimita 2 kutoka kwenye beringi. Hakuna alama ya kugongwa. Picha 8 nimeambatanisha. Naomba ukaguzi na majibu kwa maandishi."

Wakikataa, usitukane. Uliza ni alama gani, iko wapi, inayoonyesha pigo, wajibu kwa maandishi, maana "imetumika vibaya" peke yake sio jibu. Hapo unaweza kumpelekea fundi wa kaboni mwenye kipimo cha altrasaundi akuandikie ripoti, aangalie tu asitengeneze. Sheria nayo inasaidia kutegemea ulipo: Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika miaka 2, na mwaka wa kwanza yeye ndo athibitishe kwamba kosa halikuwepo alipokuuzia. Kwa hiyo mdai muuzaji, usikubali kurushwa kwa kiwanda.

Ikishindikana kabisa, omba punguzo la fremu mpya kwa walioanguka, kampuni kadhaa wanalo, ila soma kama ukilipokea unafuta dai lako.

Na wakikubali usishangilie haraka. Fremu mpya inaweza kuja na nafasi ya gurudumu la nyuma ya milimita 148 wakati habu yako, yani kile kitovu cha gurudumu, ni 142, na kazi ya fundi na usafirishaji mara nyingi ni juu yako. Wengine wanakutaka uikate fremu ya zamani na msumeno uwatumie picha. Usiguse msumeno mpaka uwe na barua inayotaja modeli na saizi ya fremu unayopewa.