Masika Yakikaribia na Una Mtu Rumande

Mdogo wangu yuko rumande ya Industrial Area, Nairobi. Mimi naishi Mukuru kwa Reuben, si mbali na alipo. Mafuriko ya 2024, yale yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, yalipotufikia nilibeba watoto na godoro nikahamia kwa jirani wa ghorofani. Mdogo wangu hakuwa na pa kuhamia. Aliyefungiwa seli hatoki mpaka mwenye ufunguo aamue. Kwa hivyo matayarisho yake tunayafanya sisi tulio nje, na tunayafanya Februari, mvua ya Machi haijaanza.

Anza na dhamana, kwa sababu hakuna kinga inayoshinda kurudi nyumbani. Soma karatasi ya mashtaka. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kama alipewa dhamana na pesa zimewashinda, siku kesi inapotajwa amwombe hakimu apunguze. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza. Hata bila wakili, tafuta msaidizi wa sheria mtaani kwenu akuandikie ombi.

Halafu barua. Hapa usifanye haraka. Iandike kwa mkuu wa gereza, na nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Juu kabisa andika kwamba unaomba habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na kwamba habari hizo zinahusu uhai wa mtu. Maneno hayo yana uzito: ombi la kawaida hujibiwa ndani ya siku 21, lakini linalohusu uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48.

Uliza mambo manne tu. Maji yakiingia seli, watu wanapelekwa wapi? Usiku, funguo ziko kwa nani? Maji safi ya kunywa yaliyowekwa akiba yatatosha siku ngapi? Familia itajulishwa vipi? Usilaumu mtu. Maafisa wengi wanaishi na watoto wao kwenye kiwanja hicho hicho cha gereza, basi uliza kwa niaba yao pia. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri urudi nayo.

Swali la funguo usiliache. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, mwaka wa 2005, wafungwa wa gereza la Orleans Parish Prison waliachwa ndani ya seli maji yakiwafika kifuani. Septemba 2024, huko Maiduguri, Nigeria, mafuriko yalibomoa kuta za gereza. Huko kote wafungwa walikuwa chini ya ulinzi wa serikali.

Kwa upande wa afya, andika kwenye karatasi moja dawa anazotumia, kipimo chake na kliniki alikoanzia. Nakala moja apewe daktari wa gereza. Dawa za kifua kikuu na za ukimwi hazifai kukatizwa hata barabara ikifungwa na maji. Siku ya kumtembelea, mwambie waziwazi kuhusu kipindupindu: maji taka yakiingia kwenye maji ya kunywa, ugonjwa huenea upesi penye msongamano. Yeye au mwenzake akianza kuhara maji matupu, wamwite afande usiku huo huo, wasingoje kuhesabiwa asubuhi. Sabuni ni muhimu kuliko biskuti, lakini uliza kwanza langoni kinachoruhusiwa kuingia.

Kiangazi nacho kina hatari yake. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, na likipungua sana mji huingia kwenye mgao. Seli iliyojaa watu bila maji ya choo ni mateso, kwa hivyo swali la akiba ya maji liulize tena mvua zikichelewa.

Mvua ikianza, hifadhi nambari ya kesi na nambari yake ya gereza kwenye simu yako na ya mtu mwingine anayeishi mbali na mto. Lori la gereza likikwama asifike kortini, nenda masjala ya korti ukachukue tarehe mpya. Ukisikia wamehamishwa, usirudi nyumbani na jibu la mdomo. Omba uandikiwe jina la gereza alikopelekwa, kisha mpelekee daktari wa huko ile karatasi ya dawa.