Kabla hujainunua simu ya kibodi ya kuteleza

Simu ya kugusa yenye kibodi ya kuteleza, yaani ya vitufe halisi vinavyojitokeza chini ya skrini ukiisukuma, kama HTC Dream ya 2008 au BlackBerry Priv ya 2015, hukuteka mara ya kwanza tu inapofunguka "tak!" mkononi. Mimi nazipenda mno, ndiyo maana nasema: usiishie hapo. Washa skrini, ifungue na kuifunga polepole mara kumi hivi huku ukiitazama. Ndani kuna utepe mwembamba wa nyaya unaopeleka mawasiliano kwenye skrini, nao hujikunja kila unapoisukuma. Ukianza kuchakaa, picha hutetemeka au kuzimika kabisa. Kisha andika ujumbe mrefu kwa vidole gumba vyote viwili, hasa herufi za safu ya juu. Vikigonga ukingo wa skrini kila mara, iache.