Vidole vipimwe kabla mkono haujafungwa plasta
Mkono ukiumia kati ya kiwiko na kiganja, iwe kwa kuvunjika mfupa au kukatwa na kioo, usiridhike kwa kuwa majeruhi anaweza kukunja ngumi, kwa sababu mishipa mitatu ya fahamu hugawana kazi ya vidole na mmoja unaweza kuumia huku mingine ikiwa mizima. Mwombe ainue dole gumba, atanue vidole vyote, kisha akutanishe ncha ya gumba na ya kidole cha shahada zifanye duara. Hilo la mwisho husahaulika kwa urahisi: duara likibonyea, vidole vikagusana kwa upande wa nyama badala ya ncha, huenda tawi la mshipa wa kati, mmoja wa ile mitatu ya fahamu, limeumia, nalo halihudumii ngozi, kwa hiyo kumuuliza tu kama ana ganzi hakutoshi. Mweleze daktari ulichokiona, kwani mshipa uliokatika huunganishwa kwa upasuaji, na hata hapo huota takriban milimita 1 tu kwa siku. Maumivu makali yanayozidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine, hasa plasta ikiwa imebana, hayangoji miadi. Arudi hospitali saa hiyo hiyo.