Diski ya Nje ya Nakala Rudufu: Piga Hesabu ya Ukubwa Kabla ya Kununua

Muuzaji atakuuliza kompyuta yako ina GB ngapi. Jibu la swali hilo halitoshi, kwa sababu ukubwa wa diski ya nakala rudufu hutegemea mambo matatu: data uliyonayo sasa, kasi yake ya kuongezeka, na matoleo ya zamani ya faili unayotaka kubaki nayo.

Anza na data. Kwenye Windows fungua This PC, bofya kulia diski C, chagua Properties na usome Used space. Kwenye Mac ingia System Settings, General, kisha Storage. Kama kuna diski D, ijumlishe. Rudia baada ya mwezi. Tofauti ndiyo ongezeko lako. Usiyeweza kusubiri, pima folda za picha na video za mwaka jana ugawe kwa 12. Hati za Word na Excel hazina uzito wa kukusumbua.

Tuseme umetumia GB 310 na unaongeza GB 6 kwa mwezi. Diski unataka ikufae miaka mitatu: 6 × 36 ni 216, jumla GB 526. Ongeza asilimia 30 ya matoleo ya zamani, inafika kama 684. Diski isijae kabisa, acha asilimia 15 wazi: gawanya 684 kwa 0.85, upate takriban GB 805. Hapo TB 1 inatosha. Ya GB 500 ingejaa baada ya miaka miwili na kidogo, hata bila toleo moja la zamani.

Mpiga video mwenye GB 700 na ongezeko la GB 25 kwa mwezi atafika GB 1,600. Video zikishahaririwa hazibadiliki tena, kwa hiyo asilimia 10 ya matoleo inamtosha. Pamoja na nafasi ya wazi anahitaji GB 2,070 hivi. TB 2 haimfai. Anunue TB 4.

Mbona TB 2 isimtoshe hata kwa kujibana? Mtengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti trilioni moja, lakini Windows huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, ndiyo maana diski ya TB 1 husomeka GB 931, ya GB 500 husomeka 465, na ya TB 2 husomeka TB 1.81. Hujapunjwa. Mac huhesabu kama mtengenezaji, kwa hiyo huko namba hukaribiana na ya kwenye boksi.

Matoleo ndiyo huwashangaza wengi. File History, programu ya nakala rudufu ya Windows, hukagua kila saa, na faili ikibadilika hata kidogo huinakili nzima. Faili ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako) yenye GB 10, ikinakiliwa mara moja tu kwa siku, hula GB 300 kwa mwezi. Itoe folda hiyo kwenye orodha, kisha kwenye Advanced settings badilisha Forever kuwa miezi 6 au mwaka 1. Time Machine, programu ya nakala rudufu ya Mac, hufuta yenyewe nakala kongwe nafasi ikiisha. Kwake Apple hushauri diski iwe angalau mara mbili ya hifadhi ya Mac. Kumbuka kwamba wakati wa kuiandaa diski, Time Machine inaweza kufuta kila kilichomo.

Ukihifadhi taswira ya mfumo mzima, yaani nakala moja ya Windows, programu na faili zote kwa pamoja, weka nafasi ya taswira mbili. Programu nyingi huandika mpya kabla ya kufuta ya zamani, na diski yenye nafasi ya moja hukwama katikati.

Usinunue TB 5 ili uweke na filamu humo humo. Filamu zitakula nafasi ya nakala, na chochote kilichomo kwenye diski hiyo tu hakina nakala popote. Heri diski mbili za TB 1, moja ikae nyumba nyingine: mwizi huondoka na laptopu pamoja na diski iliyochomekwa.

Chagua ya inchi 2.5, hutumia umeme wa USB. Ya inchi 3.5 huhitaji adapta yake, na umeme ukikatika katikati ya kunakili, laptopu hubaki inawaka lakini diski inazima. Chomeka kwenye tundu la USB 3: kwa MB 100 kwa sekunde, TB 1 huchukua karibu saa 3, kwa USB 2 ni kama saa 8.

Mwisho, diski feki. Iwe umenunua Kariakoo, Luthuli au mtandaoni, SSD (diski ya chipu) ya TB 16 kwa bei ya flashi ni ya uongo. Ndani mna chipu ndogo iliyorekebishwa itangaze ukubwa isio nao; ikijaa, majina ya faili huonekana lakini hazifunguki. Kabla ya kuweka chochote, ijaze kwa programu ya kupima diski, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux, ambazo huandika diski nzima kisha huisoma. Kwa TB 1 kwenye USB 3 tenga saa 6 hivi, na ulifanye hilo ungali na haki ya kuirudisha dukani.