Kufukua makaburi kikaoni: namna ya kurudisha mezani jambo lililokwisha kuamuliwa

Kikundi chochote kikidumu zaidi ya mwaka mmoja, swali hili litakifika: jambo tuliloliamua zamani, mtu anaruhusiwa kulirudisha? Wapo wenyeviti wanaokata maneno mara moja: "Hilo lilishapita, tusifukue makaburi." Wapo wanaomwachia kila mjumbe afungue anachotaka, na kikao cha saa mbili kikaisha giza limeingia. Wote wawili wanakiumiza kikundi. Wa kwanza anawazoesha watu kunung'unikia pembeni, wa pili anawafundisha kwamba hakuna uamuzi unaodumu.

Jambo la zamani liruhusiwe kurudi, ila lipite mlango wake. Lije na taarifa ya maandishi, muhtasari wa awali uwe mezani, na iwepo sababu ambayo haikuwepo siku ya uamuzi. Maelezo haya yanalenga zaidi vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, chama za Kenya na jumuiya za ukoo, kwa kuwa huko uamuzi wa zamani mara nyingi unagusa mfuko wa mtu.

Jua kwanza unafungua nini

Ugomvi mwingi unaanzia hapa, watu wanapoita mambo manne tofauti kwa jina moja.

Ikiwa muhtasari uliandikwa vibaya, mfano faini ya shilingi 2,000 ikaandikwa 20,000, hiyo ni sahihisho tu. Inamalizwa pale muhtasari unaposomwa na kuthibitishwa. Ikiwa uamuzi ulipita ila haujatekelezwa, mahali pake ni kwenye yatokanayo, sehemu ya ajenda ya kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita: anaulizwa aliyepewa kazi amefikia wapi, na hakuna kura. Ikiwa jambo limo ndani ya katiba ya kikundi, huna ruhusa ya kuligusa kwa azimio la kawaida. Fuata kifungu cha marekebisho ya katiba hiyohiyo. Kinachobaki ndicho kufungua upya hasa: kuna azimio halali, limepitishwa, na mtu anataka libadilishwe au litenguliwe.

Mwenyekiti akiuliza "unasahihisha, unafuatilia, au unataka tutengue?", nusu ya mabishano yanaisha kabla hayajaanza.

Tafuta karatasi kabla ya kutafuta watu

Mwenye hoja amwombe katibu nakala ya muhtasari wa siku ile. Anahitaji vitu vitano: tarehe, idadi ya waliohudhuria, maneno ya azimio kama yalivyoandikwa, idadi ya kura, na sababu zilizotolewa. Hicho cha mwisho ndicho makatibu wengi hukiacha. Wanaandika "wajumbe walijadili na kukubaliana", na miaka miwili baadaye hakuna anayekumbuka kwa nini. Bila sababu ya zamani huwezi kupima kama sababu ya sasa ni mpya.

Mpya ni nini? Bei au sheria iliyobadilika, hati iliyokuwa haijapatikana, kosa la hesabu lililogunduliwa, au ushahidi kwamba wajumbe hawakuitwa ipasavyo. "Nilikuwa safarini" si jambo jipya ikiwa mwaliko ulikufikia. "Watu wengi hawajaridhika" nalo si jipya. Siku ile pia walikuwepo ambao hawakuridhika.

Nani aruhusiwe kuleta hoja? Katika mwongozo wa mikutano ulioanzishwa na Mmarekani Henry Martyn Robert mwaka 1876, anayetaka kura irudiwe katika kikao kilekile sharti awe alipiga kura upande ulioshinda, ili walioshindwa wasirudishe hoja yao kila dakika. Ni busara nzuri, lakini haifai vikundi vyetu: kura ni za mikono na majina hayaandikwi. Badala yake dai saini. Moja ya tano ya wanachama inatosha. Katika kikundi cha watu 30, saini sita. Asiyeweza kupata wenzake watano hana hoja ya kikundi.

Taarifa, na hatari ya mengineyo

Barua imfikie katibu siku 14 kabla ya kikao, ukurasa mmoja: azimio linalohusika, jambo jipya, na maneno kamili ya azimio linalopendekezwa. Katibu awatumie wajumbe siku saba kabla, pamoja na ajenda. Ujumbe wa WhatsApp unatosha ikiwa kikundi kimezoea, ila asiyetumia simu janja apigiwe au apelekewe karatasi, na katibu aandike kwamba alifanya hivyo.

Hoja iwe na namba yake kwenye ajenda. Isipenyezwe kwenye mengineyo, yale mambo ya mwisho yasiyo na namba kwenye ajenda, hata siku moja. Chukua kikundi cha wanachama 30 ambacho akidi yake, yaani idadi ya chini ya waliopo ili kikao kiwe halali, ni nusu: watu 15. Azimio la awali lilipita kwa kura 16 kati ya watu 24. Miezi minane baadaye wanakuja 18, lakini wakifika mengineyo saba wameshaondoka kupika au kuwahi daladala. Wamebaki 11, sita wananyoosha mikono, na watu sita wametengua kilichoamuliwa na 16. Akidi ilishavunjika, kwa hiyo uamuzi huo ni batili, na mwanachama yeyote anaweza kuupinga. Kwa sababu hiyo weka hoja ya kufungua upya mapema, mara baada ya yatokanayo.

Siku ya kikao

1. Katibu ahesabu waliopo na kutangaza akidi, kisha asome azimio la zamani neno kwa neno. Asilifupishe.

2. Mwenye hoja apewe dakika tano kueleza jambo jipya tu. Akianza kulaumu watu, mjumbe yeyote asimame "kuhusu utaratibu" na mwenyekiti amkatishe.

3. Ipigwe kura ya kwanza: tufungue au tusifungue? Hapa wingi wa kawaida unatosha. Msijadili kiini bado. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa kikao kinajikuta kimeshafungua jambo ambalo hakuna aliyekubali lifunguliwe.

4. Wakikubali, mjadala wa kiini uende kwa zamu, mmoja anayeunga mkono, mmoja anayepinga, dakika tatu kila mmoja, na hakuna anayerudia kabla wengine hawajasema.

5. Kura ya pili iwe juu ya maneno yaliyoandikwa. Kwa mambo ya kawaida dai theluthi mbili ya waliopo; wakiwa 18, ni kura 12. Kwa mambo ya fedha dai zaidi ya nusu ya wanachama wote, yaani 16 kati ya 30, hata kama itabidi kuahirisha hadi watu watimie.

Hoja ikianguka, isirudi kabla ya miezi sita. Muda huo haukuokotwa hewani: Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa la Kenya zinazuia hoja yenye kiini kilekile kurudishwa ndani ya miezi sita katika mkutano uleule wa Bunge, isipokuwa hoja ya kutengua uamuzi kwa idhini ya Spika.

Fedha: badilisha kwenda mbele

Azimio jipya lianze kazi tarehe linapopitishwa au baadaye. Lisirudi nyuma. Tuseme riba ilikuwa asilimia 10 kwa mkopo wa miezi mitatu, na kikundi kinashusha hadi 5. Aliyekopa 300,000 kwa masharti ya zamani anadaiwa 330,000. Mkirudi nyuma atadaiwa 315,000, na 15,000 inakosekana kwenye mapato. Wakopaji wa namna hiyo wakiwa 12, mgawo wa wanachama mwishoni mwa mzunguko umepungua kwa 180,000, na walionunua hisa wakitegemea pato hilo watauliza limekwenda wapi. Jambo la riba au bei ya hisa lifunguliwe baada ya mgawo, kabla hisa za mzunguko mpya hazijaanza kununuliwa. Likifunguliwa katikati, mweka hazina atalazimika kuendesha hesabu mbili, na hapo makosa hayakwepeki.

Kilichokwisha kutekelezwa hakitenguliki. Kiwanja kimenunuliwa, basi hoja si "tutengue ununuzi" bali "tukiuze au tukitumieje".

Jambo la mtu

Tuhuma iliyosikilizwa na mtu akasafishwa isifunguliwe kwa uvumi mpya. Unatakiwa ushahidi: risiti, taarifa ya benki, shahidi aliye tayari kusimama. Mhusika apewe barua yake mapema kama wengine, aseme wa mwisho, na asipige kura. Akiwa amefariki, waitwe warithi au msimamizi wa mirathi.

Kuandika na kutunza

Usifute wala usichane muhtasari wa zamani. Pembeni yake katibu aandike: "Limetenguliwa kwa Azimio Na. 5 la kikao cha tarehe fulani", atie saini pamoja na mwenyekiti. Kwenye muhtasari mpya waandike sababu zilizotolewa na kura za pande zote.

Mahali ambapo kikundi hakina mamlaka

Shauri lililokwisha kuamuliwa na mahakama kati ya watu walewale halifunguliwi kikaoni. Njia yake ni rufaa au mapitio. Kwa madeni ya mkataba, sheria za ukomo za Tanzania na za Kenya zinatoa miaka sita kufungua madai, na kwa kudai ardhi miaka 12. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, au akilipa sehemu yake kabla muda haujaisha, hesabu ya miaka inaanza upya. Kwa hiyo mkopo wa zamani ukiletwa mezani na mdaiwa akakubali kuwa anadaiwa, katibu asiridhike na kuandika "alikiri". Amwekee karatasi yenye kiasi na tarehe, asaini palepale mbele ya mashahidi wawili.